Sura ya Tano: Baiskeli Inalala Wapi?

“Mwanangu, nyumba yangu ina vyumba sita, sio saba.”

Mama mwenye nyumba alisimama katikati ya korido, kanga moja kiunoni, nyingine begani, akiitazama Phoenix yangu jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyebisha hodi na sanduku mkononi. Shikamoo nilishampa, kodi ya miezi sita nilishamlipa, na dalali alishachukua chake akaenda zake. Kitanda kilikuwa ndani, meza ndani, ndoo ndani. Nje ilibaki baiskeli, ambayo katika mazungumzo yetu ya wiki nzima hakuna aliyeitaja, si yeye, si mimi, si dalali.

Niliomba koridoni, akakataa: kuna watoto, kuna bibi asiyeona vizuri, na umeme wenyewe ndio huu wa kuja na kuondoka. Niliomba uani, akacheka. Uani ni mahali pa ndoo, majiko na kamba za nguo, na ukuta wa nyuma ulikuwa mfupi kiasi cha kurukwa na kuku. Ikabaki baraza. Nikaifunga kwa cheni na kufuli kwenye nondo za dirisha langu, nikaenda kulala roho kwatu. Siku ya tatu alfajiri nilikuta kufuli ipo, cheni ipo, fremu ipo. Tandiko na tairi la mbele vilikuwa vimekwenda zao.

Tangu siku hiyo nimepanga vyumba vitano Dar es Salaam, vya uswahilini na vya ghorofani, na kote nimeishi na baiskeli. Kwa muda mrefu niliamini kwamba tatizo ni udogo wa chumba. Sivyo. Mchana baiskeli haidai hata inchi moja, kwa sababu iko barabarani na mwenyewe. Inarudi jioni, saa zile zile ambazo watu, ndoo, majiko na viatu navyo vinarudi. Anayeitafutia mahali pake pa kudumu, kama anavyolitafutia kabati, atahangaika sana. Anayeitafutia zamu atafanikiwa.

Futi kumi kwa kumi

Tuanze na futi kamba. Chumba cha kawaida cha nyumba ya Kiswahili, ile yenye korido katikati, vyumba vitatu kila upande na uani nyuma, ni kama futi kumi kwa kumi. Hizo ni futi za mraba 100. Kitanda cha tano kwa sita kinachukua 30 papo hapo. Ongeza kabati, meza, kona ya ndoo na vyombo, na nafasi ya kufungulia mlango. Kinachobaki ni njia ya mtu mmoja kupita kiubavuubavu.

Sasa ipime baiskeli. Ile kubwa ya tairi za inchi 28 ina urefu wa futi sita na ushee, na usukani wake ni karibu futi mbili. Ikisimama wima inakula futi za mraba 12. Kama kodi yako ni shilingi 50,000 kwa mwezi, baiskeli inalalia shilingi 6,000 za kodi hiyo, na yeye hachangii hata umeme.

Vipimo hivyo havitapungua. John Kemp Starley alipotoa baiskeli yake ya Rover kule Coventry, Uingereza, mwaka 1885, yenye magurudumu yaliyokaribiana ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, alipata umbo ambalo halijabadilika sana hadi leo, kwa sababu miguu ya binadamu nayo haijabadilika. Raleigh za Nottingham walizopanda babu zetu, Swala zilizotengenezwa hapa nchini enzi za viwanda vya umma, Phoenix za Shanghai, Hero za Ludhiana: zote ukizilaza kwenye sakafu ya chumba chako, zinataka zile futi sita.

Lakini itazame vizuri. Baiskeli si pana. Fremu yake ni bomba jembamba, tairi lake ni vidole viwili au vitatu. Kinachoijaza nafasi ni vitu viwili tu: usukani na pedeli. Ukivimaliza hivyo viwili, chombo kizima kinaingia katika upana wa futi moja na kinakaa nyuma ya pazia la nguo.

Kwa baiskeli zenye breki za waya, kazi ni ya dakika mbili. Legeza boliti inayobana shingo ya usukani, geuza usukani ulale sambamba na fremu, kaza kidogo tu ili usiyumbe. Asubuhi unaurudisha, unabana gurudumu la mbele katikati ya magoti yako kuhakikisha umenyooka, kisha unakaza sawasawa, na unajaribu breki kabla ya kutoka uani. Usiruke hatua hiyo ya mwisho. Phoenix na ndugu zake wenye breki za vyuma hawakubali mchezo huu, maana vyuma vya breki vinashuka kutoka usukanini hadi kwenye uma. Ukigeuza usukani peke yake unavipinda. Hao waachie usukani wao, shughulika na pedeli. Fundi akikuwekea pedeli za kukunja, zile zinazolala ubavuni mwa mkono wake, umeokoa karibu nusu futi. Ukiamua kuzifungua mwenyewe, kumbuka kwamba ya kulia inafunguka kama skrubu nyingine yoyote, ya kushoto inafunguka kinyume. Vijana wengi wameharibu mkono mzima wa pedeli kwa kulazimisha upande huo.

Mkeka na tairi

Wapangaji wa chumba kimoja wanaijua zamu kuliko wasanifu wa majengo. Pale unapotandikwa mkeka wa kulia chakula saa mbili usiku ndipo linapotandikwa godoro la mgeni saa nne, na ndipo linapowekwa beseni la kumwogeshea mtoto asubuhi. Sakafu ni ile ile, kazi tatu. Baiskeli iingizwe kwenye ratiba hiyo ikiwa kazi ya nne. Chakula kikiisha, mkeka unakunjwa, unasimamishwa kwenye kona, na baiskeli inaingia mahali pake. Asubuhi inatoka kabla chai haijachemka.

Kuiingiza kuna namna yake. Korido nyingi hazizidi futi tano kwa upana. Ukijaribu kuikunja kona na urefu wake wote, utaukwaruza mlango wako na wa jirani. Isimamishe kwa tairi la nyuma, kama mbuzi anayefuata majani ya juu, izungushe papo hapo, kisha ishushe ikiwa imeshaelekea ndani.

Ndani, adui zake ni watatu. Wa kwanza ni kuyumba. Kata ukanda wa mpira kutoka kwenye tyubu iliyochoka, uvute mkono wa breki ya mbele uufunge na mshikio wa usukani. Gurudumu likishabanwa, baiskeli inaegemea ukuta usiku kucha bila kuteleza. Wa pili ni ukuta wenyewe. Tairi na mishikio huacha michirizi myeusi ambayo mwenye nyumba ataikumbuka siku ya kuhama kuliko atakavyokumbuka kwamba ulilipa kwa wakati. Kipande cha kapeti la plastiki au kanga kuukuu kikining’inizwa pale usukani unapogusa, umemaliza ugomvi. Wa tatu ni maji. Wakati wa masika baiskeli inarudi na nusu ya barabara kwenye madigadi. Ifute uani kwa tambara, izungushe magurudumu, halafu tandaza kiroba tupu chini ya tairi kabla hujaiegemeza.

Hapa Pwani yuko na wa nne, hewa ya chumvi. Baiskeli iliyofungiwa katika chumba kisichopitisha hewa, ikiwa na unyevu wa jasho na mvua, inaota kutu kwenye spoki na mnyororo upesi ajabu. Dawa ni mafuta mepesi kama ya cherehani, matone machache kwenye mnyororo, kisha uyafute yote unayoyaona kwa macho. Yanayotakiwa ni yale yaliyojificha kwenye viungo. Yanayobaki nje yanakamata vumbi, na baadaye yanakamata shuka lako.

Juu ya kichwa

Mtu akichoka na sakafu, hutazama juu. Vyumba vingi vya uswahilini havina dari. Ukilala chali unaziona mbao za kenchi na bati. Mbona zile hazilipiwi? Kamba mbili, moja tandikoni, moja usukanini, baiskeli inapaa.

Inawezekana, nami niliwahi kuishi hivyo mwaka mzima, lakini fanya hesabu ya uzito kwanza. Baiskeli kubwa ya chuma ina uzito unaokaribia ule wa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Jiulize: ningekuwa tayari kutundika ndoo hiyo pale, nikalala chini yake? Kama jibu linasitasita, usitundike. Kenchi inabeba vizuri karibu na ukuta inapokalia, si katikati. Dari la jipsamu halibebi kitu, hata kama linapendeza. Na ukuta nao upigwe hodi kabla ya kutobolewa: nyumba nyingi za zamani ni za miti na udongo zilizopigwa lipu ya saruji juu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na za bloku. Gonga kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali. Ukisikia sauti inabadilikabadilika, au lipu inalia kama debe, hapo si mahali pa ndoano.

Lipo na jambo ambalo hakuna fundi atakayekuonya. Kule juu tayari kuna mwenyewe: chandarua. Nilitundika baiskeli yangu jioni, nikafurahi, nikafunga chandarua chini yake. Asubuhi nilikuta duara jeusi la mafuta usawa wa uso wangu, na mchanga mwembamba umetawanyika juu ya wavu kama sukari. Baiskeli ikabaki juu. Kitanda ndicho kilichohama.

Ghorofani habari ni nyingine. Shida huko ni ngazi, na baadaye roshani. Kwenye ngazi, weka bega la kulia ndani ya fremu, chini ya bomba la juu. Mnyororo uko upande wa kulia wa baiskeli, kwa hiyo utakuwa nje, mbali na shati lako. Roshani inavutia kwa sababu inaonekana haina mwenyewe, lakini jua linapasua tairi na upepo wa bahari unakula chuma. Ukilazimika kuitumia, funika kwa turubai lisilobana, hewa ipite chini yake.

Wako waliolikabili suala hili upande wa pili, wakaipunguza baiskeli badala ya kukihangaikia chumba. Mwaka 1975 Mwingereza Andrew Ritchie alianza kubuni baiskeli ya kukunja katika nyumba aliyokuwa akiishi London. Dirishani aliliona kanisa la Brompton Oratory, na jina hilo akaipa baiskeli. Ina magurudumu madogo ya inchi 16, na ikikunjwa inatosha uvunguni au chini ya meza. Waholanzi nao walipeleka suala hilo kwenye sheria: kanuni zao za ujenzi za mwaka 2012 zilitaka nyumba mpya za kuishi ziwe na stoo ya kufungika, inayotosha baiskeli. Kwetu, ramani ya nyumba ina sebule, jiko na choo. Baiskeli inajitegemea.

Foleni ya koridoni

Turudi kwa mama mwenye nyumba. Aliyenifumbua macho alikuwa jirani yangu wa chumba cha mbele, muuza samaki, mtu wa kwenda Feri kila siku saa kumi alfajiri. Baiskeli yake alikuwa akilala nayo chumbani, yeye, mkewe, watoto wawili na tenga kwenye keria. Harufu ya tenga lile sihitaji kuieleza. Aliposikia kilichoipata baiskeli yangu, alisema tatizo langu ni kwamba niliomba vibaya.

“Wewe ulimwomba korido,” aliniambia. “Korido ni yake, atakupaje? Mwombe usiku.”

Tukaenda wote wawili, na wa tatu, fundi cherehani wa chumba cha nyuma, ambaye naye alikuwa na baiskeli. Tulimweleza mama kwamba mlango wa mbele hufungwa kwa komeo saa tano usiku, na hufunguliwa saa kumi jirani anapotoka. Kati ya saa hizo watoto wamelala na hakuna anayecheza koridoni. Tuliomba saa hizo tu. Mama alinyamaza, akauliza bibi atapitaje kwenda chooni. Tukamjibu kwamba zote zitakaa ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia utabaki mtupu, na bibi hushika ukuta wa kulia siku zote. Hilo la bibi ndilo lililomlainisha. Akakubali kwa sharti: “Mtu akijigonga muundi kwenye pedeli zenu, zote zinalala nje.”

Siku ya kwanza tulivurugana. Fundi cherehani alirudi mwisho, akaweka yake mlangoni. Saa kumi muuza samaki akataka kutoka, akakuta njia imezibwa, akaanza kuinua vyuma gizani, nyumba nzima ikaamka. Jioni ile tukakaa barazani tukapanga upya. Foleni isifuate saa ya kurudi, ifuate saa ya kutoka. Anayetoka wa kwanza alale karibu na mlango: muuza samaki. Wa pili mimi, saa kumi na mbili. Wa ndani kabisa fundi cherehani, ambaye hakutoka kabla ya saa tatu. Mtu akirudi mapema, baiskeli isubiri barazani, ambako hadi saa tano kulikuwa na wacheza bao na macho ya kutosha. Komeo likikaribia kufungwa, tunaingiza kwa mpangilio, ya mwisho kutoka ikitangulia.

Zilikuwa baiskeli tatu zenye futi sita kila moja, na korido haikuwa na urefu huo bila kuziba milango. Yangu na ya fundi zikalala mzungu wa nne, usukani wa moja ukielekea tandiko la nyingine, sehemu nene ikiingia kwenye nyembamba. Mbili zikakaa mahali pa moja na nusu. Nimeutumia mtindo huo kila mahali tangu hapo, na ndio wa kwanza ninaomshauri mume na mke wenye baiskeli mbili katika chumba kimoja. Mishikio ya breki tuliivalisha vipande vya mpira, kwa sababu iko usawa wa macho ya mtoto. Muuza samaki aliifunga kengele yake kitambaa ili isilie akiitoa.

Isiyolala

Utaratibu huu wote una msingi mmoja: usiku baiskeli imelala. Baiskeli ya umeme hailali. Usiku ndio inakula.

Hili si jambo dogo kwa mpangaji. Kwanza kuna LUKU ya pamoja, na hakuna ugomvi wa nyumba ya kupanga unaozidi ule wa nani anamaliza uniti. Pili, na hapa sitanii, kuna moto. Betri za lithiamu zikiwa mbovu, zikiwa zimegongwa au zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, huwaka ghafla, na moto wake ni mgumu kuuzima. New York, ambako wapeleka chakula wengi huchaji baiskeli zao katika nyumba ndogo za kupanga, moto wa betri za aina hii uliua watu 18 mwaka 2023 peke yake. Vifo vingi vya namna hiyo vina kisa kinachofanana: chombo kiliwekwa karibu na mlango, na mlango ndio ulikuwa njia pekee ya kutokea.

Kwa hiyo ile foleni ya koridoni si ya baiskeli ya umeme. Kama betri inatoka, ichaji peke yake mahali unapoiona, ukiwa macho, juu ya sakafu tupu, mbali na godoro na mapazia, na isiwe kamwe kati ya kitanda na mlango. Tumia chaja iliyokuja nayo. Ikivimba au ikitoa harufu, haina tena nafasi ndani ya nyumba, hata kwa usiku mmoja.

Kabla hujalipa

Mengi niliyoyaeleza nisingeyahitaji kama ningefanya jambo moja siku ile ya kwanza: kwenda kuangalia chumba nikiwa juu ya baiskeli yangu. Dalali angeiona, mama mwenye nyumba angeiona, na swali la wapi italala lingeulizwa kabla fedha hazijabadilisha mikono. Kabla ya kulipa wewe ni mgeni anayebembelezwa. Ukishalipa ya miezi sita, wewe ndiye unayebembeleza. Ukiwa nayo pale pale, ipitishe mlangoni, ikunje koridoni, iegemeze chumbani. Uliza komeo hufungwa saa ngapi na nani hutoka wa kwanza. Mkataba ukiwepo, omba neno baiskeli liandikwe ndani yake, mstari mmoja tu.

Katika nyumba ile nilikaa miaka miwili, na hakuna aliyejigonga muundi. Nilizoea kuamka nusu usingizini saa kumi, nikisikia komeo linavutwa, tenga linakwaruza fremu ya mlango, halafu minong’ono ya gololi kavu ikipotelea barabarani. Nililala tena kama saa moja na nusu, nikaamka mwenyewe. Sikuwahi kuweka saa ya kuniamsha.

Kisha muuza samaki akahamia Mbagala. Nafasi ya mlangoni ikawa yangu, nzuri kuliko zote. Wiki ile nilichelewa kazini siku tatu.